Mkalimani Mbele ya Hakimu: Kazi Yake katika Sheria za Mataifa Mbalimbali

Waswahili husema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii humhusu kila msemaji, lakini hapana mtu imhusuye zaidi ya mkalimani wa mahakama. Msemaji wa kawaida akijikwaa ulimi huumia mwenyewe. Mkalimani akijikwaa, anayeumia ni yule aliyesimama kizimbani. Hakimu asiyejua lugha ya mshtakiwa hamsikii mshtakiwa, humsikia mkalimani. Maneno yanayoandikwa katika jalada ni ya mkalimani, na kesi ikienda rufani, majaji wa rufani husoma maneno hayo hayo. Hivyo basi mtu aweza kuhukumiwa tangu mwanzo hata mwisho bila ya neno lake moja kuwafikia wale wanaomhukumu.

Katika makala haya tumekusudia kuitazama kazi hiyo kwa jicho la historia: jinsi sheria za mataifa mbalimbali zilivyomwona mkalimani, na jinsi zilivyojaribu kumfunga asipotoe maneno ya watu. Tumeona kwamba jambo hili latuhusu hasa sisi walimu wa Kiswahili tulioko Uganda na nchi jirani, ambako lugha ni nyingi na ambako Kiswahili aghalabu huwa daraja baina ya lugha ya nyumbani na lugha ya sheria.

Jina la kazi

Lugha yetu ina majina mawili ya zamani kwa mtu huyu. La kwanza ni mkalimani, ambalo mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa neno kalima. La pili ni tarjumani. Hili lina safari ndefu zaidi: limo katika Kiarabu, na kabla ya hapo lilikuwamo katika Kiakadi, lugha ya kale ya nchi ya mito miwili ambayo leo ni Iraki. Wazungu nao walilichukua wakalifanya dragoman.

Tarjumani alikuwa mtu mkubwa katika Dola ya Uthmania. Cheo cha Tarjumani Mkuu kilishikwa na Wagiriki wa Istanbul tangu mwaka 1661 hadi mwaka 1821, vilipozuka vita vya Wagiriki vya kujipatia uhuru. Zaidi ya hayo, mikataba ambayo masultani waliwapa mataifa ya Ulaya, kama ule wa Ufaransa wa mwaka 1740, ilisharutisha kwamba kesi ya Mfaransa isisikilizwe bila ya tarjumani wa ubalozi wake kuwapo. Yafaa tuliangalie jambo hili vizuri. Tarjumani huyo hakuwa mtumishi wa kadhi, bali alikuwa mlinzi wa upande mmoja. Mgeni mwenye ubalozi alipata ulimi wa kumtetea. Raia maskini wa dola ile ile, ikiwa lugha yake si Kituruki, hakuwa na ubalozi wa kumpelekea tarjumani.

Mkalimani kama shahidi

Wanazuoni wa Kiislamu waliliuliza swali la mkalimani mapema sana, nao waliliuliza kwa namna iliyo wazi: je, mkalimani mmoja yatosha, au lazima wawe wawili? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali jingine kubwa zaidi, nalo ni kwamba mkalimani ni nani hasa.

Imamu Abu Hanifa aliona kwamba mmoja yatosha, maadam ni mwadilifu. Kwa rai hii mkalimani ni mleta habari tu, na habari ya mtu mmoja mwaminifu hukubaliwa. Mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani alikhitalifiana naye, akataka wawili. Imamu Shafii naye alitaka wawili, kwa kuwa aliona kwamba mkalimani anatoa ushahidi. Kadhi hakuyafahamu maneno ya mtu. Mkalimani anamshuhudilia kwamba mtu huyu amesema hivi na hivi. Basi kama ushahidi wa kawaida wahitaji watu wawili waadilifu, na huu vile vile.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kuikumbuka rai ya Shafii, kwa kuwa ndiyo madhehebu iliyoenea pwani yote ya Waswahili. Hekima yake haijachakaa. Mkalimani mmoja asemapo peke yake, hapana awezaye kumpima. Wawili wakiwapo, kila mmoja humchunga mwenziwe.

Mkalimani kama mtumishi wa mahakama

Tukivuka bahari tukafika Amerika, twakuta kwamba Wahispania waliitawala Meksiko na Peru wakiwa hawajui lugha za wenyeji. Huko Meksiko mkalimani aliitwa nahuatlato, yaani msemaji wa Kinahuatl, na baadaye jina hilo likatumiwa kwa wakalimani hata wa lugha nyingine. Mara malalamiko yakawa mengi: wakalimani walipokea zawadi, waliwasikiliza wenye mashauri majumbani mwao, na kila mmoja akawa kama lango ambalo mtu hapiti bila ya kulipa.

Mfalme Carlos wa Tano alitoa amri mwaka 1529 kuwakataza wakalimani wasipokee zawadi kutoka kwa Wahindi Wekundu. Mwaka 1537 ikatoka amri nyingine ambayo twaiona kuwa ya ajabu kwa zama zile: mwenyeji aliyeitwa kutoa maelezo aliruhusiwa kuja na rafiki yake Mkristo ajuaye lugha zote mbili, akae hapo na kusikiliza kama mkalimani asema kweli. Mwaka 1563, katika enzi ya Felipe wa Pili, zikatungwa sheria juu ya kiapo na mshahara wa wakalimani, na wakakatazwa kuwasikiliza wenye mashauri nyumbani. Iliwapasa wawalete mbele ya baraza. Sheria hizi zote zilikusanywa katika kitabu kikuu cha sheria za makoloni ya Hispania mwaka 1680, zikapewa mlango wao wenyewe.

Msomaji asidhani kwamba kwa sheria hizo haki ilitendeka. Dola iliyonyang'anya watu ardhi yao haiwezi kusifiwa kwa kuwapa mkalimani mwenye kiapo. Lakini twajifunza jambo moja: sheria haimkatazi mtu jambo asilolitenda. Kila katazo katika mlango ule ni ushahidi wa dhuluma iliyokwisha kutendeka.

Wafaransa nao waliliweka jambo hili katika sheria yao ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1808. Rais wa mahakama alitakiwa amteue mkalimani mwenye umri usiopungua miaka 21 na kumwapisha, na bila ya kufanya hivyo kesi yote ilikuwa batili. Mshtakiwa na mwendesha mashtaka waliweza kumkataa kwa kutoa sababu. Tena mkalimani hakuweza kuwa mmoja wa mashahidi, wala wa majaji, wala wa wazee wa baraza, hata kama mshtakiwa mwenyewe ameridhia. Sharti hili la mwisho ndilo lenye busara kuliko yote, kwani mshtakiwa mwenye hofu huridhia chochote.

Huko Ufaransa kwenyewe sheria ilikuwa hiyo. Katika makoloni yake ya Afrika ya Magharibi mambo yalikuwa mengine. Mkalimani wa mkuu wa wilaya alikuwa mtu wa kuogopwa, kwani shauri lolote lilipita kinywani mwake. Mwandishi wa Mali, Amadou Hampâté Bâ, alichapisha mwaka 1973 kitabu juu ya mkalimani mmoja aitwaye Wangrin, na anayetaka kujua jinsi ulimi unavyoweza kugeuka kuwa mali na mamlaka atapata mengi humo.

Mkalimani kama haki ya mshtakiwa

Waingereza walifika katika jambo hili kwa njia nyingine. Mahakama zao wenyewe ziliwahi kuwa za lugha ya kigeni. Mwaka 1362 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba mashauri yajadiliwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukijua Kifaransa kilichotumiwa na mawakili. Hata hivyo Kilatini na Kifaransa viliendelea kukaa katika maandishi ya sheria, hata vikaondolewa kwa sheria ya mwaka 1730. Taifa lililochukua karne nne kuipata lugha yake mahakamani, baadaye lilikwenda kuwahukumu wengine kwa lugha wasioijua.

Kesi iliyojulikana sana katika sheria ya Kiingereza juu ya mkalimani ni ya Lee Kun, Mchina aliyehukumiwa London kwa kosa la kuua. Katika kesi yake ushahidi haukufasiriwa kwake wakati wa kusikilizwa. Mahakama ya Rufani ya Jinai, chini ya Lord Reading, ilieleza kwamba mshtakiwa huhudhurishwa mahakamani ili asikie yanayosemwa juu yake na apate kuyajibu. Kwa hiyo kuwapo kwake si kwa mwili tu, bali na kwa akili pia. Msingi huo ni mzuri, na mahakama nyingi zilizofuata sheria ya Kiingereza zimeutegemea. Lakini Lee Kun mwenyewe haukumfaa. Rufani yake ilikataliwa, naye akanyongwa mwanzo wa mwaka 1916.

Huko Marekani, mwaka 1970, Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika shauri la Negron, kibarua wa shamba kutoka Puerto Rico asiyejua Kiingereza, ambaye alihukumiwa kwa kosa la kuua huku akipewa muhtasari tu wa ushahidi wakati wa mapumziko. Majaji waliona kwamba kwake yeye kesi ilikuwa kelele tupu, wakaitengua hukumu. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho. Na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 14, umesema kwamba mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama apewe mkalimani bila ya malipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema hivyo katika kifungu cha 28, na ya Kenya ya mwaka 2010 katika kifungu cha 50.

Darasa la Kapenguria

Katika historia ya Afrika ya Mashariki hapana kesi iliyoonyesha uzito wa ukalimani kama ile ya Kapenguria, iliyosikilizwa tangu mwishoni mwa mwaka 1952 hadi Aprili 1953. Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko, Paul Ngei na Kungu Karumba, walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Mahakama ilikaa katika jengo la shule, mbali na Nairobi, na hakimu alikuwa Ransley Thacker.

Mkalimani wa Kikuyu alikuwa Louis Leakey, yule mtaalamu wa mambo ya kale. Kwa ujuzi wa lugha hapakuwa na la kumlaumu: alizaliwa Kabete mwaka 1903 akakua akisema Kikuyu pamoja na rika lake. Lakini alikuwa pia mtu wa upande mmoja, aliyekuwa akiipinga Mau Mau hadharani. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walimlaumu kwamba hafasiri kwa haki kwa sababu ya chuki yake kwa washtakiwa. Leakey alijitoa kesi ikiwa bado inaendelea, na baadaye akarudi kufasiri hati tu.

Hapa twapata somo ambalo vyuo vya lugha husahau kulifundisha. Kujua lugha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutokuwa na upande, na mtu aweza kuikosa hii hata kama ile ya kwanza ameihitimu. Wale Wafaransa wa mwaka 1808 waliompa mshtakiwa ruhusa ya kumkataa mkalimani walilifahamu jambo hili. Washtakiwa wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hukumu ya Oneko ilitenguliwa katika rufani mwaka 1954, lakini hakuachwa huru.

Nuremberg na Arusha

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viongozi wa Ujerumani walishtakiwa mjini Nuremberg tangu Novemba 1945 hadi Oktoba 1946, kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Kama kila neno lingengojewa lifasiriwe mara tatu, kesi isingekwisha. Kwa hiyo ukatumika ukalimani wa papo kwa papo, kwa vipaza sauti na visikizi. Wakalimani 36 waligawanywa katika vikosi vitatu, na msemaji alipokwenda mbio taa ya manjano iliwashwa mbele yake. Taa nyekundu ilimwamuru anyamaze.

Hata huko neno moja liliweza kuleta aibu. Mwendesha mashtaka wa Marekani, Robert Jackson, alimwuliza Göring juu ya hati ya mwaka 1935 ambayo katika tafsiri ilizungumzia kukomboa nchi ya Rhine. Göring alisahihisha: hati ya Kijerumani ilisema juu ya kusafisha njia ya mto Rhine kwa ajili ya vyombo. Mshtakiwa alikuwa na hatia kubwa, lakini hapo alikuwa sahihi, na mshtaki akapoteza nguvu kwa kosa la mfasiri.

Karibu zaidi nasi ni mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 ikakaa Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, lakini mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, maneno ya shahidi yalifasiriwa kwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa yakatiwa katika Kiingereza. Mashahidi walitumia maneno manne, gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu, na wakalimani waliyatafsiri yote kwa neno moja la kubaka. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba ngufu ni nguvu, na kwamba maneno mengine hayataji nguvu. Majaji hawakulipita jambo hili. Waliwauliza wakalimani wao juu ya maana ya kila neno, na namna shahidi alivyolitumia. Katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 walieleza walivyoyafahamu maneno hayo, na hukumu hiyo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kusema kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Wanawake wale walioeleza mateso yao kwa maneno ya staha, kama ada ya kwao ilivyowafunza, walifahamika kwa kuwa mahakama ilijali kuuliza.

Mitego ya lugha yetu

Mtu aweza kusema kwamba haya ni ya lugha nyingine. La. Kiswahili chenyewe kina mitego mingi kwa mkalimani anayekipeleka katika Kiingereza, na mwalimu yeyote aweza kuionyesha darasani.

Shahidi asemapo, "Nilimwona saa mbili usiku", mkalimani asiye mwangalifu aweza kumhamisha kutoka baada ya magharibi mpaka usiku wa manane, na mshtakiwa akapoteza ushahidi wa mahali alipokuwapo. Asemapo, "Alimwambia atamwua", hatujui kama ni mwanamume au mwanamke aliyesema, wala ni nani wa kuuawa. Kiingereza kinamlazimisha mkalimani kuchagua, naye hana haki ya kuchagua bila ya kuuliza. "Ndugu" aweza kuwa wa tumbo moja, wa ukoo, au rafiki tu. "Mkono" ni kuanzia begani hata vidoleni, na daktari aliyeandika ripoti ataonekana kama kwamba anapingana na shahidi.

Mtego mkubwa zaidi ni wa neno "ndiyo". Mwendesha mashtaka akiuliza, "Je, hukumpiga?", Mswahili hujibu, "Ndiyo", yaani ni kama usemavyo, sikumpiga. Ndiyo hiyo ikitiwa katika Kiingereza neno kwa neno, imekuwa ungamo.

Na mtu aulizwapo juu ya shtaka akajibu, "Ni kweli", ni kweli ipi? Ni kweli kwamba alipiga, au kwamba alipiga pasipo haki? Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilionya mwaka 1942, katika shauri la Yonasani Egalu, kwamba kila sehemu ya shtaka ielezwe kwa mshtakiwa, naye aikubali au aikane, na maneno yake yaandikwe. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, ikasisitizwa kwamba shtaka lisomwe kwa lugha ya mshtakiwa au kwa lugha anayoifahamu, na jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno aliyoyatumia. Sheria hii yamtegemea mkalimani kuliko mtu mwingine yeyote chumbani.

Wajibu wetu

Historia yatuonyesha kwamba mkalimani ameonekana kama shahidi, kama mtumishi wa mahakama, kama mlinzi wa upande mmoja, na kama haki ya mshtakiwa. Twaona kwamba kila rai ina fungu lake la ukweli: ushahidi wake upimwe, kiapo chake kiheshimiwe, akatalike akiwa na upande, na asiye na kitu asimlipie.

Tanzania ilibadili sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulifurahi kama walimu wa lugha hiyo. Lakini furaha isitupumbaze. Bibi mzee ajuaye lugha ya kijiji chake tu, akisimama mbele ya hakimu asemaye Kiswahili, yu katika hali ile ile ya Lee Kun mbele ya Waingereza. Lugha yetu ikikalia kiti cha lugha kubwa, imerithi na wajibu wa kiti hicho.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo mawili. Kwanza, tuwafundishe wanafunzi kwamba ukalimani ni kazi yenye elimu yake na kiapo chake, wala si kazi ya karani yeyote aliyezaliwa na lugha mbili. Pili, tuwafundishe kusema, "Sikufahamu, tafadhali rudia." Sentensi hiyo fupi huonekana kuwa aibu kwa mwenye ujuzi, ilhali kwa mtu aliyeko kizimbani yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kwenda nyumbani na kwenda gerezani.